Bima kubwa hairudishi bei uliyonunulia gari

Imani hii ni ya miaka mingi: ukiwa na bima kubwa, yaani ile inayolipia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, gari likiharibika kabisa unalipwa fedha zilezile ulizolinunulia. Sivyo. Kwa kawaida bima hufidia hasara, na hasara hupimwa kwa thamani ya gari sokoni muda mfupi kabla ya ajali, uchakavu na kilomita zake zikihesabiwa. Ipo mikataba ya thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, lakini hiyo huandikwa wazi.

Kwa hiyo kulikatia gari bima kwa kiasi kinachozidi thamani yake huongeza ada tu. Kupunguza kiasi hicho ili ada ishuke ni hatari zaidi, na hili huwaumiza wengi: ukiandikisha nusu ya thamani, mikataba mingi huruhusu hata matengenezo ya bampa yalipwe nusu. Kisha hukatwa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe.

Baada ya ajali, tafadhali usiruhusu gereji ianze kazi kabla mkaguzi wa bima hajaliona gari. Piga picha, omba makadirio kwa maandishi, na ukiona thamani iliyotajwa ni ndogo, pinga kwa kuonyesha bei za magari yanayofanana na lako.