Weusi wa vyungu vya Wagiriki si rangi

Ukiwauliza watu kuhusu vyungu vya Athens ya kale, wengi watakwambia vilipakwa rangi nyeusi. Sivyo. Mfinyanzi alichukua udongo uleule wa chungu, wenye chuma ndani yake, akauchuja majini mpaka ukabaki ulio laini kabisa, kisha akachorea huo. Weusi ulizaliwa tanurini. Kwanza moto ulipewa hewa, chombo kizima kikawa chekundu. Halafu matundu yakazibwa, zikatiwa kuni mbichi, moshi ukatanda, chombo kizima kikawa cheusi. Mwisho hewa ikafunguliwa tena: udongo wa kawaida ukarudia wekundu wake, lakini mchoro ulikuwa umeshaganda kama kioo, hewa haikupenya, ukabaki mweusi. Akikosea kidogo, weusi ulitoka na mabaka mekundu. Vyombo vyenye mabaka hayo navipenda sana, maana hapo moto unaonekana ukifanya kazi.

Wengine hudhani yalikuwa mapambo ya kutazamwa tu. Vyombo hivi vilishikwa na kutumiwa. Hydria, mtungi wa maji, ina mikono mitatu: miwili ya kuinulia, mmoja wa kumiminia. Katika karamu za wanaume, mvinyo ulichanganywa na maji ndani ya kratera, bakuli kubwa la kuchanganyia, kwani kunywa mvinyo mtupu kulihesabiwa ushenzi. Kikombe cha Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens, kilichopo Munich, Ujerumani, cha takriban mwaka 530 KK, kimechorwa kwa ndani: Dionysos, mungu wa mvinyo, amejinyoosha ndani ya mashua, tanga limejaa, mzabibu umepanda mlingoti, pomboo wanazunguka. Mnywaji aliigundua picha hiyo kadiri mvinyo ulivyopungua. Kwa nje kuna macho makubwa. Akikiinua kunywa, wenzake waliona macho ya kikombe badala ya uso wake.

Eti vyombo hivi ni kazi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia? Hilo liliaminika katika karne ya 18 kwa sababu vingi vilifukuliwa makaburini Italia. Vilipelekwa huko kwa biashara.

Na wanawake wanaoonekana katika picha za karamu kwenye vyombo hivi si wake za wenyeji. Ni wapiga zumari na makahaba, wengi wao watumwa. Mke alikuwa na vyombo vyake. Loutrophoros, mtungi wa shingo ndefu, ulileta maji ya kumwogesha bibi harusi. Aliyefariki kabla ya kuoa au kuolewa aliwekewa mtungi huohuo kaburini.