Humo ndani kuna watu

Jumamosi iliyopita ilikuwa mara ya tatu mwezi huu kuambiwa kwamba muziki wa kielektroniki, ule wa mashine na sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti), hauna watu ndani yake. Baba mmoja alikuja kuchukua sabufa yake hapa kwangu Majengo, Dodoma, ninapotengeneza spika. Nilikuwa nimeshabadilisha koili, naijaribu kwa albamu niliyokuwa nikiisikiliza tangu asubuhi. Akavumilia kama dakika mbili. "Fundi, weka muziki bwana. Hiyo ni mashine inajirudia yenyewe, humo hakuna mtu."

Kilichokuwa kinapiga ni "2/1", kipande cha albamu ya mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, Music for Airports, iliyorekodiwa mwaka 1978. Na humo hakuna kitu kingine isipokuwa watu! Ni sauti za wanawake watatu na Eno mwenyewe, kila noti imeimbwa peke yake, ndefu, halafu kila moja ikarekodiwa kwenye utepe ulioungwa ncha kwa ncha. Tepe zilikuwa ndefu kiasi kwamba studioni walizizungushia miguu ya viti. Noti moja ilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu kila sekunde 26, nyingine karibu kila sekunde 30.

Hapa ndipo ninapoomba mtu atulie. Ni kweli kila utepe unajirudia. Lakini urefu wao haulingani, kwa hiyo noti zinakutana, zinapishana, zinaachiana nafasi, na mkutano uliousikia sasa hivi hauji tena hivyo hivyo. Anayesema "kinajirudia tu" amesikia utepe mmoja na kuziacha nyingine zote.

Na anayeniambia hivyo ni Mgogo, aliyekulia kwenye ilimba, ala yetu ya ubao wenye vijiti vya chuma! Mpiga ilimba anashika mzunguko mmoja kwa vidole gumba, anakaa nao muda mrefu, anaongeza kidogo huku, anapunguza kule, na hakuna anayemwambia hayumo. Ule ubao wenyewe una matundu yaliyofunikwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Wazee waliikwaruza sauti safi kwa makusudi, kwa sababu utamu wa muziki hauko kwenye melodi peke yake, uko pia kwenye rangi ya sauti. Anayezungusha kifundo cha filta, kile kinachochuja sauti, kwenye sinthesaiza anafanya kazi hiyo hiyo. Roland TB-303, mashine ndogo ya kupiga besi, ilitoka mwaka 1981 ili ishike nafasi ya mpiga gitaa la besi. Kwa kazi hiyo haikufaa, ikashuka bei, vijana wa Chicago wakaichukua na kuanza kuzungusha vifundo huku inapiga. Ule mlio unaojinyonga na kufunguka ni mkono wa mtu.

Wengine husema muziki huu wa kielektroniki ni wa klabu tu, si wa kukaa nyumbani na kusikiliza. Mwaka 1992 kampuni ya Warp ya Sheffield, Uingereza, ilitoa mkusanyo wa Artificial Intelligence, na picha ya jalada ni roboti limejilaza kwenye kiti cha sebuleni, majalada ya santuri yako sakafuni. Sina la kuongeza.

Kinachotuangusha ni namna tunavyosikiliza. Spika ya simu, chini ya hezi 200 hivi (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito), haitoi kitu cha maana, na goma zito la mashine ya ngoma ya TR-808 liko karibu na hezi 50. Hapo umesikia nusu ya kazi, tena nusu ya juu. Upande wa pili kuna sabufa iliyosukumwa kwenye kona, besi imefunguliwa mpaka mwisho. Kona yenyewe inaongeza besi! Ivute mbele. Tandika mkeka au zulia, maana tofali na saruji vinarudisha kila kitu, na weka pazia zito. Spika mbili ndogo ziwe usawa wa masikio, wewe ukae uwe pembe ya tatu. Kisha punguza sauti. Bati likianza kutetemeka, unasikiliza bati.

Punguza kweli. Mwaka 1975 Eno alikuwa kitandani baada ya ajali, santuri ya kinubi inapiga chini mno, naye hana nguvu ya kuamka kuipandisha. Akaisikia imechanganyika na mvua nje. Katika hali hiyo ndipo lilipomjia wazo la muziki wa namna hii.

Na usirukeruke. Wimbo wa Autobahn wa Kraftwerk, kundi la Ujerumani, mwaka 1974, umejaza upande mzima wa santuri, dakika 22 na ushee. Bando likisumbua, pakua albamu nzima kwanza ndipo ukae.

Kuna mambo yananisumbua hata mimi. Nahubiri mpangilio wa albamu, lakini Selected Ambient Works 85-92 ya mwanamuziki Aphex Twin nimeisikiliza nyimbo zikiwa zimevurugwa na haikuharibika. Faili za MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde na zile zisizobanwa nimezilinganisha macho yamefumbwa, na mara nyingi nimeshindwa kuzitofautisha, kwa hiyo usikubali kuuziwa kifaa cha bei mbaya kwa sababu hiyo. Na singeli yetu? Mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017 naipenda, lakini kwa spidi ile, sebuleni hunichosha baada ya nyimbo nne. Kwenye hedifoni ndipo nasikia jinsi ngoma zilivyopangwa.

Yule baba nikamwambia, "Baba, hao ni wanawake watatu wanaimba." Akavuta kiti. Nikamwekea albamu ya Assembly ya mwaka 2002, ya Hukwe Zawose, mwimbaji na mpiga ilimba mzaliwa wa Dodoma hii hii, pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Sauti ya Zawose aliitambua papo hapo. Tuliisikiliza yote, na wateja wawili wakasubiri.