Umeweka dawa na unajuta? Weka kitana chini kwanza

Jumanne ndiyo siku wanayokuja wenye majuto. Jumamosi wamewekwa dawa ya kunyoosha nywele, Jumapili wametoka na kichwa kipya, Jumatatu wameshinda kazini wakijitazama kwenye kioo cha simu, na Jumanne asubuhi wananigongea mlango, mtandio umefungwa mpaka kwenye nyusi. Wengi hawasemi kitu. Wanavua mtandio, wanakaa kwenye kiti, wananitazama kwenye kioo.

Kazi ya nywele nimeifanya tangu 2006, karibu miaka yote hiyo hapahapa Sinza. Kuna jambo nililojifunza kwa gharama, na gharama yenyewe aliilipa mtu mwingine. Vichwa vingi ninavyovipokea vikiwa vimeharibika kabisa havikuharibiwa na dawa ya kwanza. Viliharibika siku mwenyewe alipoamua kurekebisha.

Nilikuwa bado najifunza, mwaka 2007, alipokuja dada mmoja mwalimu. Alikuwa na siku tatu tu tangu awekwe dawa saluni nyingine. Nywele zenyewe zilikuwa zimekaa vizuri, zimelala, zinang'aa, lakini analia. Uso umekuwa mdogo, masikio yametokeza, mumewe kamwambia amefanana na shangazi yake. Akaniuliza kama naweza kumrudishia mawimbi. Bosi wangu hakuwepo. Nami kwa kiherehere changu nikamwambia, dada, hilo dogo, tunakuwekea kalikiti. Nikamfunga rola, nikamwagia dawa. Baada ya dakika chache nikafungua rola moja ya kisogoni ili nione imeshika vipi. Rola ikatoka na nywele zake zote. Mimi nimeshika rola, yeye anaendelea kunisimulia habari za shule.

Tulimsuuza, tukamnyoa. Bosi aliporudi hakunigombeza sana, alinikalisha akanieleza, na maelezo yake ndiyo ninayowapa wateja hadi leo.

Unywele ni protini iitwayo keratini. Nyuzi za hiyo protini zimeshikana kwa vifungo vya salfa, yaani chembe mbili za salfa zimepeana mikono, na vifungo hivyo ndivyo vinavyoupa unywele mkunjo wake na nguvu yake. Dawa tunazoziita tu "dawa" zina haidroksaidi. Nyingine ni ya sodiamu, ileile kostiki soda ya watengeneza sabuni. Nyingine ni ya kalsiamu inayochanganywa na maji ya guanidini, zile za boksi lenye kopo la krimu na kichupa pembeni. Maji safi kwenye kipimo cha pH yako 7. Hizi ziko 12 kwenda juu. Zikiingia kwenye unywele zinang'oa salfa moja kati ya mbili, na kifungo kilichobaki na salfa moja hakirudi kuwa cha zamani, hata upake nini. Kalikiti inakwenda kwa njia nyingine: inafungua vifungo kwa thayoglaikoleti, kisha dawa ya pili inavifunga upya kwa umbo la rola. Kwa yule mwalimu, vifungo vya kufunga upya vilikuwa vimeshang'olewa. Mimi nilikwenda kumalizia vilivyobaki.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu wa Jumanne ni dawa gani aliyowekwa. Ajabu, wengi hawajui. Walikaa, wakafungwa taulo, wakaendelea na simu. Kama na wewe hujui, piga simu saluni waulize jina lililo kwenye boksi, kisha lowesha kishungi kidogo cha nyuma. Kikijikunja kama zamani, ulipigwa pasi tu, na majuto yako yanaisha siku ya kuosha. Kikijikunja nusunusu, huenda ni keratini, yaani ile tiba ya saluni ya kulainisha nywele kwa pasi, ambayo hupungua yenyewe kila unapoosha na kwa kawaida huisha ndani ya miezi mitatu hadi mitano. Kikibaki kimenyooka huku kinachuruzika maji, basi kuna uwezekano mkubwa ni dawa ya kudumu, na kinachokuja chenye mkunjo ni kile kitakachoota. Usitegemee maji peke yake lakini. Keratini kali nayo inanyoosha hata nywele mbichi wiki za mwanzo.

Siku tatu za kwanza sizungumzii uzuri kabisa, nazungumzia ngozi. Ukihisi muwasho au kuungua jioni ya siku uliyowekwa, inawezekana dawa haikutoka yote. Nenda ukaoshwe tena kwa shampuu ya kuzima dawa. Nyingi zina rangi ya kuonyesha: povu likiwa la waridi dawa bado ipo, likigeuka jeupe imeisha. Ukiwa mbali na saluni, maji mengi ya bomba yasiyo ya moto ndiyo huduma ya kwanza. Vidonda usivibandue magamba. Usipake dawa ya meno wala kitunguu saumu, na ndiyo, nimeviona vyote viwili. Kidonda kikitoa usaha, kichwa kikivimba, au dawa ikiwa iliingia jichoni, hapo si pa msusi tena, ni hospitali. Jicho lenyewe lisuuze papo hapo, kwa dakika 15 au zaidi, kabla hata ya kutafuta bodaboda.

Ngozi ikiwa salama, tunabaki na kioo. Hapa watu hunidharau kidogo, wanadhani nitawauzia kitu. Nawaambia wasubiri mpaka waoshe mara ya pili. Nywele zilizotoka kwenye dawa na pasi siku hiyo hiyo zimelala kuliko zitakavyolala siku zote za baadaye. Zimekandamizwa kichwani, ndiyo maana uso unaonekana mdogo na masikio makubwa. Baada ya kuosha mara ya pili zinanyanyuka kidogo na jicho lako nalo linazoea. Wanawake walioingia kwangu Jumanne wakitaka kunyolewa, nikawaomba wajifunge kilemba hadi wiki inayofuata, wengi hawakurudi kunyoa. Wachache walirudi, nikawanyoa, na hao nao walikuwa sahihi kwa sababu walikuwa wameamua wakiwa wametulia.

Katika kusubiri huko si lazima ukae na kichwa usichokipenda. Unataka mkunjo? Zikiwa na unyevu kidogo, zipige mabutu makubwa usiku, funga kitambaa laini, asubuhi fungua kwa vidole. Au njoo usetiwe kwa rola chini ya draya ya joto la chini. Yule dada mwalimu angetoka na mawimbi siku ile kwa rola kavu tu, bila tone la dawa. Hilo linaniuma hadi leo.

Wiki mbili za mwanzo nakataza mambo machache, na kwa hili mimi ni mkali: hakuna rangi, hakuna dawa ya aina yoyote juu ya dawa, na hakuna rasta za kubana. La rasta ndilo linalobishaniwa. Mtu anajuta, anataka kuficha, anakimbilia kusuka vimistari vyembamba vya kuvuta mpaka nyusi zinapanda. Unywele wa dawa una nguvu pungufu, ukiuvuta kwenye shina unang'oka, na ukingo wa mbele ukishaanza kurudi nyuma si rahisi kuurudisha. Nimewaona mabinti wa miaka 20 wenye paji la uso la bibi zao. Wengi walianza hivi hivi, baada ya kumaliza kidato cha nne: shuleni walinyolewa miaka yote, nywele zikapata nafasi, dawa ikaja, dawa ikawachukiza, rasta zikafuata.

Kujua kama nywele zako zimechoka kiasi gani, chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu kwa vidole. Wenye afya unarefuka kidogo kisha unarudi. Ukirefuka kama mpira na usirudi, umezidiwa na dawa, unahitaji tiba ya protini. Ukikatika papo hapo bila kurefuka, kwa kawaida umekauka, unahitaji unyevu: stimingi na kondishona ya kulainisha. Protini nayo ina mambo yake. Yai na mayonezi mnavyoambiwa mpake havifiki ndani, chembe zake ni kubwa mno kwa unywele. Tunatumia bidhaa zenye protini iliyovunjwavunjwa. Na tafadhali, ukilazimika na yai lako, usisuuze kwa maji ya moto. Nimewahi kumtoa mtu mayai yaliyoiva kichwani kwa kitana, saa nzima, huku wateja wengine wakiuliza harufu ya chapati mayai inatoka wapi. Mafuta ya nazi ni habari tofauti: yanapenya kwenye unywele, na ukiyapaka kabla ya kuosha yanapunguza protini inayotoka na maji. Hapo mabibi zetu wa pwani hawakukosea.

Wenye keratini wana majuto yao. La kwanza ni maji. Unaambiwa usilowe siku tatu, na hakuna aliyekukumbusha kwamba kesho una josho la kisheria, au kwamba nyumba yako inatumia maji ya kisima yenye chumvi. Nilipata mteja aliyelia kwa hilo, amelipa pesa nyingi na anaogopa kuoga asiharibu. Nikamwambia aoge. Maji safi bila shampuu yatafupisha muda wa keratini, lakini hayataharibu nywele. Siku nyingine aseme mapema, maana zipo aina zinazooshwa siku hiyo hiyo. Maji ya chumvi, ya kisima au ya Coco Beach, yanazifanya ziishe haraka zaidi. Kama unajuta kuziweka, hiyo ni habari njema kwako.

La pili ni moshi. Kama macho yalichuruzika na pua ikawaka pasi ya nyuzi 230 ilipogusa, ulivuta formaldihaidi, ndugu wa formalini ya mochwari. Ni kitu kinachosababisha saratani kwa anayekivuta kwa muda mrefu, na anayekivuta kila siku ni mimi, si wewe, ndiyo maana kwangu dirisha linafunguliwa hata kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Chupa kuandikwa "haina formaldihaidi" hakunitoshi. Methilini glaikoli ikipata joto inaitoa vilevile. Nyingine zimehamia kwenye asidi ya glayoksiliki, na mwaka 2024 madaktari walichapisha habari za mwanamke wa miaka 26 aliyefanyiwa nywele saluni nchini Tunisia mara tatu, 2020, 2021 na 2022, na kila mara figo zake ziliumia. Ukipata homa, kutapika au maumivu ya mgongo baada ya kunyooshwa nywele, mwambie daktari kwamba ulinyooshwa. Wenyewe hawafikirii kuuliza.

Na wale wanaofika na ujumbe wa WhatsApp kuhusu saratani? Siwacheki. Chanzo kipo: utafiti wa Marekani uliochapishwa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Ulikadiria kwamba kati ya wasiotumia dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia sana ilikuwa asilimia 4.05. Ni mji wa mimba wenyewe, siyo shingo ya kizazi tunayopimwa kila kampeni ikipita. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kilileta kingine. Aliyeweka mara moja na kujuta sidhani ana sababu ya kukosa usingizi. Ila "waliotumia sana" maana yake ni zaidi ya mara nne kwa mwaka, na mteja wangu wa ritachi, yaani kupaka dawa kwenye nywele zilizoota, kila wiki nane anafika mara sita. Nilipopiga hesabu hiyo nilinyamaza kidogo. Siku hizi namwambia kila mmoja, kisha anaamua mwenyewe. Wawili waliacha, mmoja alihamia saluni ya jirani.

Ukishaamua kurudi kwenye nywele zako, hesabu sentimita moja hivi kwa mwezi. Miezi sita zinatosha kushika twende kilioni. Mahali palipo na udhia ni pale nywele mpya ya mkunjo inapokutana na ya dawa, kwa sababu hapo ndipo panapokatikia. Chana zikiwa na kondishona, ukianzia ncha kupanda juu, na kila ukija nipunguze sentimita mbili za dawa. Au nyoa zote siku moja. Jiandae tu kwa maswali, maana kwa wengi wetu kichwa cha mwanamke kilichonyolewa ghafla ni cha msiba. Mteja wangu mmoja alipokea pole za rambirambi kwenye daladala, na mtu akamlipia nauli.

Saluni iliyokuweka dawa nenda, tena mapema, na picha. Usiende na kelele. Uliza ni dawa ipi, ilikaa dakika ngapi, ilizimwa kwa nini. Wakikupa hela yako, pokea. Wakikuambia kaa tukurudie bure, kataa. Bure hiyo ni dawa juu ya dawa.

Ukija kwangu, njoo na boksi au hata picha yake, usiwe umepaka mafuta, na usiwe umejaribu chochote nyumbani. Njoo Jumanne. Jumamosi nina maharusi, nitakupa jibu la haraka, na jibu la haraka nililitoa mara moja 2007.