Mti mkavu uliosimama msituni una mwenyewe

Tangu kiangazi kianze, vijana wa vijiji vinavyopakana na misitu ya Udzungwa, upande wa Kilolo, mkoani Iringa, Tanzania, wananionesha picha kwenye simu: mjusi mweusi mwenye mistari ya manjano na mkia wa buluu. Swali ni lilelile: "Afisa, ana sumu?" Hana. Narudia, hana sumu, si mdomoni wala mkiani. Ukimshika mkia unakatika, naye anajiokoa. Huruka kutoka juu ya mti akitua mbali, lakini mabawa hana. Wenye ngozi inayotandazwa kwa mbavu ni mijusi wengine, wa Asia ya Kusini-Mashariki.

Huyu wetu, Holaspis laevis kwa jina la kitaalamu, hutumia mwili wake wenyewe. Akiruka kutoka shinani hutanua mbavu akawa bapa, na magamba yaliyojipanga kama meno ya kitana pembeni mwa mkia humwongezea upana. Zaidi ya hayo, uzito wake ni mdogo mno. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2009 kuhusu ndugu yake wa Afrika Magharibi na Kati vilionesha kuwa uzito huo mdogo ndio unaompunguzia kasi ya kushuka, akatua taratibu na mbali zaidi.

Ubapa huo ndio pia unaompa malazi. Niliwahi kuinua gome la mti uliofia wimawima, limeachana na shina kiasi cha kupitisha kisu tu. Alikuwamo, amejibandika kama jani, mkia wa buluu ukimfichua. Hutaga mayai mawili tu kwa mara moja.

Kwa hiyo mti mkavu uachwe. Ndani ya hifadhi ya taifa haukatwi, uwe mkavu au mbichi. Katika msitu wa kijiji, maombi huanzia serikali ya kijiji, yakapelekwa wilayani. Unalipia, unapewa stakabadhi na leseni, gogo linagongwa alama kwa nyundo, ndipo unapata hati ya kusafirishia. Ukiruka hatua, Sheria ya Misitu ya 2002 inakuhusu: mzigo unaweza kutaifishwa, na mahakama ikatoa faini, kifungo au vyote viwili. "Niliukuta umeshakauka" si kibali, jamani.

Mjusi mwenyewe naye hakamatwi bila kibali. Ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Anayekuahidi fedha umletee kwenye chupa anakuponza wewe, hajiponzi mwenyewe.

Ukimkuta kwenye kuni ulizokwisha kusanya kihalali, usimshike mkia. Egemeza gome lake kwenye shina la karibu, apande mwenyewe.