Akili mnemba haijui mvua ya huko juu

“Setilaiti zinaona kila kona, akili mnemba itajaza palipobaki.” Nimeambiwa hivyo tena wiki hii kuhusu utabiri wa hali ya hewa milimani, na safari hii msemaji ndiye mshika bajeti. Basi ngoja niandike.

GraphCast, modeli ya akili mnemba ya Google DeepMind iliyotangazwa 2023, hutabiri hali ya hewa ya siku 10 kwa chini ya dakika moja. Kazi safi. Lakini huigawa dunia kwa gridi ya miraba ya nyuzi 0.25 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 28 kila upande wa mraba. Milimani, mraba mmoja hivyo humeza kilele, mabonde kadhaa, upande wa mvua na upande mkavu. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, ila mraba wote unapewa namba moja. Mkulima apande kwa namba hiyo?

Setilaiti nizipitie upesi: Sentinel-2, inayopiga picha, huzibwa na mawingu, rada ya Sentinel-1 huyapenya, lakini miteremko mikali huiachia vivuli, yaani sehemu isizoziona.

Kinachonikera hasa ni upimaji. Vituo vingi vya hali ya hewa vya milimani viko mabondeni, penye barabara na mtu wa kuvitunza. Modeli inafunzwa kwa data ya bondeni, inapimwa kwa data ya bondeni, kisha ripoti inajisifu kwa “usahihi wa hali ya juu”. Mwanafunzi katunga mtihani, kaufanya, kajisahihishia. Kule juu mafuriko yanakoanzia, hakuna aliyepima.

Hata kituo kikiwapo, hebu fungua kipimamvua. Ndani kuna vikombe viwili vinavyopokezana kupinduka, aghalabu kwa kila milimita 0.2 ya mvua. Jani likiziba faneli, kinaandika sifuri. Modeli haioni jani, inaona ukame. Ndiyo maana nasema mshahara wa anayetoa majani uingie kwenye bajeti kabla ya modeli kubwa.

Sikatai teknolojia yenyewe. Modeli ndogo ndani ya kifaa cha sola inaweza kusikiliza mtikisiko wa ardhi kando ya mto mafuriko yanapokuja na kupiga king'ora bila intaneti. Hapo shaka yangu ni kizingiti, yaani kiwango cha mtikisiko kinachowasha king'ora. Ukikishusha, ving'ora vya uongo vinazidi na watu wanaacha kukimbia. Ukikipandisha, unaikosa siku yenyewe. Vitabu huandika “chagua kizingiti kinachofaa” na kufungua sura nyingine. Mimi hukisia, kisha nawauliza wanaolala ukingoni wako radhi kuamshwa bure mara ngapi kwa mwaka. Majibu yao hayafanani.