Kabla hujauza shamba kwa ajili ya sindano ya goti

Siku hizi kliniki ya mifupa hapa Kigoma haiishi bila mtu kunionyesha tangazo kwenye simu: sindano inayootesha gegedu upya, goti linarudi kuwa la kijana, hakuna kupasuliwa. Bei yake inaweza kumaliza mavuno ya michikichi ya msimu mzima. Wengine huja wakiwa wameshapata mnunuzi wa shamba, wanataka tu nikubali. Sikubali, na nitaeleza kwa nini.

"Dokta, ute wangu umekauka," ndivyo wengi wanavyoanza. Magoti mengi ninayoyashika hayajakauka, tena yamejaa maji. Kilicholika ni gegedu, ile tabaka inayofunika ncha za mifupa ili iteleze bila kusagana. Gegedu haina mishipa ya damu. Ngozi ikikatika, damu inaleta vya kuikarabati. Gegedu ikilika, karibu hakuna kinachofika. Hapo ndipo lilipotoka wazo la sindano hizi, na wazo lenyewe si la kipuuzi. Mgonjwa anatolewa damu mkononi, damu inazungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zijitenge, kisha majimaji yaliyobaki, yenye chembe sahani nyingi, yanachomwa ndani ya goti. Chembe sahani hubeba protini zinazochochea kidonda kupona, kwa hiyo ukielezwa hivyo inaingia akilini.

Lakini jambo hili limeshapimwa. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2021 ulichukua watu 288 wenye magoti yaliyochakaa kidogo au kwa wastani. Kundi moja lilichomwa sindano tatu za damu yao iliyoandaliwa hivyo, lingine maji ya chumvi, na hakuna aliyejua amechomwa nini. Baada ya mwaka mmoja, maumivu yalikuwa yamepungua kwa makundi yote mawili karibu sawasawa, na gegedu ilikuwa imeendelea kulika karibu sawasawa. Kwa hiyo jirani yako anayesema alichomwa akapata nafuu hakudanganyi. Hata waliochomwa maji ya chumvi walipata nafuu. Sindano za seli shina, yaani chembe changa zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, nazo zilipimwa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 400, majibu yakatoka mwaka 2023: kufikia mwaka mmoja hazikuishinda sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Na hiyo steroidi hutuliza kwa wiki chache tu. Ukiichoma mara kwa mara, gegedu inazidi kulika.

Msidhani navutia upande wa kisu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Upasuaji wa matundu madogo wa kuosha goti lililochakaa ulipimwa Houston, Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 2002: wagonjwa waliochanjwa ngozi tu, bila kuoshwa chochote ndani, waliendelea sawa na waliooshwa. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walionyesha jambo linalofanana kuhusu kukata sehemu ya meniski, kile kipande cha gegedu kinachokaa kati ya mifupa ya goti kama mto, ikiwa imechanika kwa uchakavu. Sifanyi upasuaji huo kwa goti la mzee linalouma tu, hata akiniomba.

Goti bandia ni habari nyingine. Linafanya kazi, na tathmini kubwa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takribani magoti 82 kati ya 100 yanadumu miaka 25. Ila Denmark, mwaka 2015, watu 100 ambao wote walistahili upasuaji waligawanywa: nusu wakawekewa goti bandia kisha mazoezi, nusu wakapewa mazoezi, ushauri wa lishe na dawa peke yake. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, na pia madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwao. Lakini katika wale wa mazoezi, robo tatu walimaliza mwaka bila kuhitaji kisu. Kwa mtu wa Kigoma, ambaye safari ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, mwaka mzima wa kutembea vizuri bila kupasuliwa ni kitu kikubwa sana.

Kwa hiyo naanza na paja. Akija mama anayebeba madumu ya mawese kutoka Mwandiga, namkalisha kwenye kigoda na kumwambia, "Mama, simama bila kushika popote." Wengi hawawezi. Ukitazama juu ya goti, msuli umekwisha, paja limesinyaa upande unaouma. Namlaza, naweka kanga iliyokunjwa chini ya goti, namwambia aikandamize mpaka kisigino kinyanyuke, ahesabu hadi tano, aachie. Kisha kusimama na kukaa, asubuhi na jioni, kila siku, hata siku ambazo goti linalalamika kidogo. Na mzigo upungue: kila kilo anayopunguza mwilini inaliondolea goti takribani kilo nne kwa kila hatua. Diklofenaki ya kila siku ya duka la dawa naikataza, kwa sababu inaumiza tumbo na figo.

Ombeni pia picha ya eksirei ipigwe mkiwa mmesimama. Ukilala, mifupa inaachana na goti linaonekana zima kuliko lilivyo. Nafasi kati ya mifupa ikiwa imeisha kabisa kwenye picha, mazoezi yamefanywa kweli na usiku bado haulaliki, hapo naandika rufaa ya goti bandia bila kusita.

Vijana wa mpira waliochanika ligamenti ya msalaba ya mbele (ACL), kamba inayoshikilia mifupa katikati ya goti, nao wasikimbilie kisu. Katika utafiti wa Sweden wa vijana 121, nusu hivi ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamepasuliwa ligamenti hiyo hata baada ya miaka mitano. Goti likiendelea kuteguka kila akigeuka, tunaitengeneza.

Paja lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda halina mjadala. Linahitaji chuma, na sindano hizi hazina kazi hapo.

Goti lililovimba ghafla, likawa la moto na mwili una homa, hasa baada ya kuchomwa sindano popote pale, lisisubiri siku ya kliniki. Usaha ndani ya kiungo unaweza kuharibu gegedu kwa siku chache. Njoo siku hiyohiyo, hata usiku, tulifungue na kulisafisha.