Kaya iliyosema haijauza kitu

Mara ya kwanza nilipokwenda Tandahimba kudadisi kaya, nilirudi Mtwara mjini na kishikwambi kilichojaa habari njema. Msimu ulikuwa mbovu: mvua zimekorofisha, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, umekausha maua ya mikorosho. Lakini kaya nyingi zilikuwa zinakula karibu kama kawaida, na nilipouliza kama wameuza chochote ili kukabili hali hiyo, jibu lilikuwa lilelile nyumba hadi nyumba: hatujauza kitu. Nikaandika kwamba kaya hizi ni stahimilivu.

Nilikosea, na aliyenisahihisha ni bibi mmoja niliyerudi kwake kuhakiki majibu. Shikamoo, marahaba, mkeka ukatandikwa. Nikamuuliza hela ya kununua unga mwezi wa tatu aliitoa wapi. "Si ile ya korosho." Korosho gani mwezi wa tatu, bibi? Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua huchomozea wapi. "Za mwezi wa kumi."

Wa Kusini mmeshaelewa. Kwa wengine: hiyo ndiyo kangomba. Mwenye hela anakuja kijijini wakati wa njaa, anatoa fedha leo, na mavuno yakifika anachukua korosho kwa bei aliyoipanga yeye, nje ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na nje ya mnada wa stakabadhi ghalani, ambako korosho huwekwa ghalani kwanza ndipo wanunuzi washindane kwa bei. Serikali imeipiga marufuku, lakini haifi, kwa sababu njaa ya Machi haisubiri mnada wa Novemba. Bibi yule hakunidanganya hata kidogo. Kwake kuuza ni kupeleka gunia ghalani. Hii ilikuwa kuazima.

Tuseme alipewa shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Machi, na Novemba mnada ukalipa 2,500. Ameazima kwa riba ya asilimia 150 ndani ya miezi minane. Hakuna benki yenye leseni ingethubutu kuandika riba hiyo ukutani. Na hasara haiishii hapo. Ikifika Juni, mikorosho inaanza kuchanua na salfa, dawa ya ukungu, inatakiwa kupulizwa, kwa kurudiarudia. Hata salfa ikija kwa ruzuku, mwenye bomba la kupulizia anataka hela yake na shamba linataka kufyekwa. Mtu ambaye mavuno yake yana mwenyewe tayari atafyeka kwa moyo gani? Ukungu unapanda tena kwenye maua, na mwaka unaofuata njaa inaanza Februari badala ya Machi.

Hapo ndipo utafiti wa uchumi wa tabianchi unaponikera, na mimi ni mmoja wa wanaoufanya. Tunapima kaya imekula kiasi gani siku saba zilizopita, tunalinganisha na mvua iliyonyesha, na pengo likiwa dogo tunapiga makofi. Imelipa nini ili ile, hatuulizi. Chakula chenyewe nacho kinatuchanganya. Mdadisi mgeni akikuta ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, jikoni anaandika kwamba njaa imeifikisha kaya kuichimba. Inawezekana. Inawezekana pia wanaipenda tu, maana Mtwara mjini inauzwa imechemshwa na watu wenye mishahara wananunua.

Gharama nyingine hulipwa hata kabla ukame haujafika. Mchumi Stefan Dercon alionyesha jambo hili mwaka 1996 kwa takwimu za Shinyanga: kaya zisizo na ng'ombe zilielekea zaidi kwenye viazi vitamu, zao la uhakika lenye faida ndogo, huku wenye mifugo wakithubutu mazao yenye faida kubwa zaidi. Mwenye ng'ombe akipata hasara anauza ng'ombe. Asiye naye hana pa kuangukia, kwa hiyo anachagua umaskini wa taratibu mapema. Uwanda wa Makonde, ziliko Tandahimba na Newala, hauna ng'ombe wengi, una muhogo, zao la uhakika kama viazi vile. Nikiona shamba zima la muhogo siku hizi huwa najiuliza mwenyewe anaogopa nini.

Majirani je? Wanasaidiana sana, mtu akiugua au akifiwa. Upatu na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, hubeba shida ya mmoja. Haviwezi kubeba shida ya wote kwa siku moja. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Kilwa, mwenye duka, mwenye bodaboda na mkulima waliumia pamoja, na kila mwanachama alikuwa mkopaji.

Hapo msaada hutoka mbali, kwa kijana aliyeko Kariakoo. Wengi husema hata neno machinga limetokana na Wamachinga wa Lindi. Ajabu ni kwamba kijana huyo dodoso letu mara nyingi halimwoni, kwa kuwa halali pale nyumbani. Watafiti wa Kagera waliofuatilia watu hadi walikohamia walikuta matumizi ya waliohama yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki, kati ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na 2004. Ukiwahesabu waliobaki peke yao, unakosa nusu ya habari.

Wala tusiitupie mvua kila lawama. Nchi ilivuna tani kama 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki kama 16,500. Ukungu ulichangia, ndiyo, lakini bei ya mkulima ilikuwa duni na watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ikaporomoka huku Kusini bila wingu lolote kuhusika. Utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu unaozirudia kaya zilezile, ulioanza 2008/09 na kaya 3,265, unauliza juu ya ukame na pia juu ya kuanguka kwa bei, na kwa hilo naushukuru. Mkulima hatenganishi.

Mimi nimebadilisha swali moja tu kwenye dodoso langu. Badala ya "Je, mliuza mali yoyote?" sasa wadadisi wangu wanauliza: "Korosho za msimu ujao, mpaka leo zina wenyewe?" Tulilijaribu kwanza kwa mzee mmoja wa Newala. Alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, kisha akamuuliza mdadisi:

"Za mkorosho upi, mjukuu wangu? Wa bondeni au huu wa uani?"